Gesi ni ya kupikia, baridi je? Mkaa bado unalala nasi chumbani

Kamwene kwa walioko Iringa, ugonile kwa walioko Mbeya. Wa Njombe na Makete nawasalimia peke yenu, maana baridi yenu ina cheo kingine kabisa.

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia. Ni wa miaka kumi, na lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa jikoni. Siku sita baadaye Rais alikuwa Paris, mmoja wa wenyeviti wenza wa mkutano wa nishati safi ya kupikia Afrika, ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2. REA nao wakaanza kusambaza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu bei. Serikali imekuwa ikitaja watu wapatao 33,000 wanaokufa kila mwaka nchini kwa maradhi yanayotokana na moshi wa majumbani. Kwa hiyo mtu asije akasema hapa napinga gesi. Siipingi.

Shida yangu iko kwenye neno moja tu la mwisho: kupikia.

Ukiwa Dar au Tanga, jiko la mkaa likishaivisha, kazi yake imekwisha. Unalisukuma nje upesi maana linakuongezea joto ambalo hukuliomba. Sasa njoo Uyole mwezi wa saba, saa mbili usiku, nyuzi zinateremka kuelekea 7 au 6. Njoo Mafinga upepo ukiwa unapita juu ya mabati. Jiko likishaivisha ndiyo kwanza linaanza zamu ya pili: linabebwa na mikono miwili, linaingizwa ndani, na watoto wanalizunguka kuota moto. Jiko moja, ajira mbili. Mkakati umeiona ajira ya kwanza tu.

Julai iliyopita niliingia nyumba moja hukohuko Uyole. Mtungi upo, mpya, umefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya zamani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu ndani, baridi hiyo."

"Mama, naona gesi mmepata. Mbona mkaa bado?"

"Gesi tunatumia, chai ya asubuhi. Maharage nikiyaweka humo si nitafilisika? Na usiku hawa wajukuu wataota nini, kitambaa cha mtungi?"

Nilicheka, lakini huyo mama kapiga hesabu vizuri kuliko semina nyingi nilizowahi kukaa. Angalia: Mbeya mjini uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Nyuzi sita zinaonekana kidogo, lakini waulize maharage. Yanakaa motoni muda mrefu kuliko yangekaa Dar, na kila dakika kwenye gesi ni hela. Basi mama anayapeleka kwenye mkaa. Na mkaa ukishawashwa kwa ajili ya maharage, joto la usiku linakuwa la bure. Hapo ndipo mtungi wa gesi unaposhindwa kwenye mikoa yetu. Ushamba haumo.

Sasa twende kwenye kinachoua.

Karibu kila kipupwe tunasoma habari ileile: wanafamilia au wanafunzi waliopanga chumba kimoja, walilala na jiko la mkaa, asubuhi mlango ukavunjwa. Halafu mtaani yanaanza: wamerogwa, wamewekewa sumu kwenye chakula, mwenye nyumba anajua kitu. Jamani, aliyeua yuko pale katikati ya chumba, kageuka majivu.

Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha unatoa gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kung'ang'ania ile sehemu inayobeba oksijeni, na inaing'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inazunguka lakini haina mzigo. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakuwa mizito. Aliyelala hapati hata nafasi ya kujua kwamba anaumwa.

Na kuna imani moja mbaya sana huku kwetu, eti mkaa ukishaiva, ukawa mwekundu wote bila moshi, hauna madhara, unaweza kuuingiza ndani. Siyo kweli. Ule mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaoendelea kuimwaga hiyo kaboni monoksidi saa nzima, saa mbili, saa tatu. Moshi ungekukohoza ukaamka. Huu hauamshi mtu.

Utaniuliza, mbona mababu walilala na moto miaka yote? Walilala, ndiyo. Lakini moto wenyewe ulikuwa wa kuni, katikati ya nyumba ya nyasi, na nyasi zinapumua. Moshi ulitoka kupitia paa zima. Macho yaliwauma na vifua viliwauma, lakini hewa ilikuwa inapita. Leo kijana anajenga Isyesye au Mwangata, tofali za kuchoma, plasta, madirisha ya aluminiamu na vioo, mlango unabana kweli. Nyumba nzuri. Kisha anaingiza jiko lilelile. Ndiyo ajabu ya jambo hili: kadiri nyumba inavyokuwa bora, ndivyo jiko la mkaa linavyozidi kuwa la hatari. Umasikini wa madirisha yenye nyufa ulikuwa unatulinda bila sisi kujua.

Basi, mtu anasema, ninunue hita ya gesi niachane na hayo yote. Wazo si baya, ila lina masharti, na muuzaji mwenye haraka hakutajii hata moja.

Kwanza tujue tunachowasha. Wengi wanadhani gesi ya kwenye mtungi ni ile yetu ya Songosongo na Mtwara. Siyo. Ile ni gesi asilia, inasafiri kwa bomba, imefika Dar tangu 2004 ikitokea Songosongo, na bomba la Mtwara likakamilika 2015. Ya kwenye mtungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni, inakuja kwa meli kutoka nje, inashushwa bandarini, halafu inapandishwa Kitonga kwa lori. Mpaka Iringa ni kama kilometa 500 kutoka Dar, mpaka Mbeya zaidi ya 800. Kila kilometa iko ndani ya bei yako. Na wakati EWURA wanatangaza kila mwezi bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, gesi ya mtungi haimo kwenye tangazo hilo. Ukiambiwa bei na duka, ndiyo bei.

Huo mchanganyiko una tabia yake kwenye baridi. Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika, na ili iwake lazima kwanza igeuke mvuke. Propeni hugeuka mvuke hata kwenye baridi ya kutisha, nyuzi 40 chini ya sifuri bado inatoka. Buteni inagoma karibu na sifuri. Kwa hiyo asubuhi yenye sakitu kule Makete moto unakuwa mdogo, mtu anasema mtungi umeisha, kumbe ndani kuna kimiminika kibao kimelala. Halafu kadiri unavyoutumia mtungi ndivyo unavyozidi kupoa wenyewe, ndiyo maana unauona umetoka jasho kwa nje. Mtungi mdogo unapoa haraka kuliko mkubwa.

Hapo watu wanafanya vituko. Wengine wanaulaza chali, wengine wanausogeza karibu na jiko la mkaa "upate joto". Tafadhali! Mtungi ukilazwa, kimiminika kinaingia kwenye mpira na moto unaruka. Ukisogezwa motoni, presha inapanda mpaka valvu ifunguke, na hapo hujui gesi itakutana na nini. Mtungi unasimama wima, sehemu yenye hewa, na ukitaka kujua kama umeisha, uupime kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chenyewe. Fanya hivyo pia siku ya kununua. Utashangaa.

Pili, jiko la gesi siyo hita. Naona vijana wa mageto, Iyunga kule na Mkwawa, wanawasha plati moja, wanaiacha inawaka chini kabisa ili chumba kipate moto, wanaingia kwenye blanketi na simu. Majiko mengi ya bei rahisi hayana kifaa cha kufunga gesi moto ukizimika. Upepo ukipuliza, au sufuria ikimwagika, moto unazima na gesi inaendelea kutoka. Na gesi hii ni nzito kuliko hewa, propeni karibu mara moja na nusu, buteni karibu mara mbili. Haipandi juu. Inatambaa sakafuni, inajikusanya chini ya kitanda, pale ulipotandika godoro. Ukisikia harufu usiguse swichi, kuwasha wala kuzima. Fungua mlango, funga mtungi, toka.

Hita ya kweli ya gesi ina vitu vitatu vinavyoilipia bei yake: inafunga gesi moto ukizimika, inajizima ikianguka, na ina kifaa kinachoizima oksijeni ya chumba ikipungua. Ikikosa hicho cha tatu, iache dukani. Kwenu wa milimani zaidi kuna jambo jingine: baadhi ya watengenezaji wanaonya kwamba kuanzia mita 2,100 hivi kifaa hicho kinaweza kuizima hita hata kama chumba kiko sawa, kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi. Usije ukamwita fundi "akitoe kinasumbua". Kinachosumbua ndicho kinachokulinda.

Na hata ukiwa na hiyo hita, dirisha linabaki wazi kidogo juu na tundu moja chini ya mlango, na inazimwa kabla hujalala. Moto uwe wa bluu. Ukiona njano na masizi, bena imeziba au hewa haitoshi. Mpira ukianza kukakamaa na kupasuka, badilisha; kwenye maungio paka povu la sabuni, likitoa mapovu unavuja. Kiberiti hakipimi uvujaji, kinauthibitisha ukiwa umechelewa.

Asije mtu akaniambia gesi ikiwa nyingi na rahisi matatizo haya yanaisha. Algeria wana gesi yao wenyewe, mabomba mpaka majumbani, hita kwenye kila sebule. Kila majira ya baridi wanazika makumi ya watu kwa kaboni monoksidi hiyohiyo, na kuna miaka wamezidi 100. Sababu ni mabomba ya moshi yaliyoziba, hita mbovu, na vyumba vilivyozibwa kila tundu ili joto lisitoke. Kama wenye gesi wanakufa hivyo, sisi tunaoipandisha Kitonga tujipange.

Sasa pesa, maana najua wengi mnasubiri hapa.

Chukua mtungi wa kilo 6. Ukichomwa wote, joto lake ni sawa na uniti 76 hivi za umeme. Tuseme unaujaza kwa Sh 24,000, weka bei ya kwako ufanye hesabu. Hiyo ni kama Sh 315 kwa kila uniti ya joto. Hita ndogo ya kilowati moja na nusu, saa nne kila usiku, inakula uniti sita, yaani karibu nusu kilo ya gesi. Mtungi unakwisha kwa usiku 12 au 13. Kipupwe cha Juni mpaka Agosti, usiku 92, ni mitungi saba na kitu. Zaidi ya Sh 170,000, kwa chumba kimoja.

Umeme je? Kwa mwenye ule unafuu wa uniti 75 kwa mwezi, kwa Sh 100 kabla ya kodi, unaonekana rahisi sana. Ila hita hiyohiyo kwa saa nne kila siku ni uniti 180 kwa mwezi. Unafuu umekwisha kabla mwezi haujafika nusu, unahamishiwa bei ya wakubwa, na hapo unakuwa palepale kwa gesi au juu yake.

Na nyumba yenyewe? Mabati juu, hakuna siling, na kati ya ukuta na paa kuna nafasi ya kupitisha paka. Joto linapanda, linagusa bati, linaondoka zake kwenda Zambia. Unawapasha moto ndege. Kuna na jingine ambalo wengi hawalijui: kila kilo moja ya gesi inayochomwa inatoa kilo moja na zaidi ya nusu ya maji kama mvuke. Yanaganda kwenye ukuta wa baridi, asubuhi unakuta umelowa, baada ya mwezi kuna ukungu mweusi pembeni na mtoto anakohoa. Moshi umeukimbia, kikohozi kimebaki.

Ndiyo maana mimi nasema, hiyo Sh 170,000 ya kipupwe kimoja nenda nayo kwanza kwa fundi wa siling. Hapo Mufindi tuna Sao Hill, shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote nchini. Mbao zinapita mbele ya nyumba zetu kwa malori, zinaenda Dar kujenga nyumba za watu wenye joto, sisi tunalala chini ya bati tupu. Siling ya chumba kimoja ni ya kipupwe hiki na vyote vinavyofuata. Mzigo wa gesi utakaohitaji baada ya hapo ni mwingine kabisa.

La pili ni kuupasha moto mwili, siyo chumba. Chukua zile chupa za mpira za maji ya moto, hospitali wanazijua, bibi wa mishenari walizijua. Kuchemsha lita mbili za maji kunatumia gramu 30 hivi za gesi. Toa hewa, funga vizuri, zungushia khanga ili isimuunguze mtoto, ingiza kwenye blanketi nusu saa kabla ya kulala. Kwa hesabu hiyo mtungi wa kilo 6 unakupa usiku 200. Hita inakupa 12. Mtungi ni uleule, ndugu zangu.

Na maharage ya yule mama? Kuna majiko ya umeme ya presha, shirika la TaTEDO limekuwa likiyatangaza na kuyafanyia majaribio miaka kadhaa sasa. Ndani ya presha maji yanavuka hizo nyuzi 94 zetu, maharage yanalainika, na umeme unaotumika haufiki uniti moja. Kwa maoni yangu hicho ndicho chombo cha kwanza cha kupewa ruzuku kwenye mikoa ya baridi, kabla hata ya mtungi wa pili. Kikiondoa mkaa wa maharage mchana, hakuna jiko la kubebwa kuingia ndani usiku.

Ruzuku yenyewe nayo ifuate hali ya hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa utabiri wa kipupwe kila mwaka, mikoa ya baridi inajulikana kwa majina. Kwa nini kaya ya Makete ipate kifurushi kilekile cha kaya ya Kigamboni? Watu wa Wizara ya Nishati wakija kugawa mitungi Mbeya waje mwezi wa saba, walale hapa usiku mmoja kwenye nyumba ya kupanga, halafu asubuhi wasome tena jina la mkakati.

Kwa wale wenye jiko chumbani sasa hivi mnaposoma: litoe. Usiseme dirisha liko wazi kidogo, kwa mkaa hilo dirisha halitoshi. Ukiamka usiku kichwa kinauma na mwenzako wa chumba anasema hivyohivyo, siyo malaria ya watu wawili kwa saa moja. Msinywe panadol mkalala. Tokeni nje wote, na asiyeamka abebwe, apelekwe hospitali, na daktari aambiwe waziwazi kwamba kulikuwa na mkaa ndani, maana asipoambiwa ataanza kutafuta vitu vingine.

Mwenye bei ya siling ya chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili pale Mafinga, mbao na fundi pamoja, aiweke hapo chini. Ya Mwanjelwa ninayo, ila nahisi fundi aliniona nimevaa koti zuri.